Picha za babu za 1974 zinaonekana za Machi 2024: kurekebisha tarehe ndani ya faili za skani

"Shikamoo. Babu alifariki akatuachia boksi la viatu limejaa negativu, nimehesabu kama picha 600 hivi, nyingi za Tanga na Pangani miaka ya 60 na 70. Nilipeleka Dar zikaskaniwa zote, nikapewa flash yenye TIFF na JPEG (aina mbili za faili za picha). Shida nikiziweka kwenye simu zote zinajipanga Machi 2024, siku ziliposkaniwa, harusi ya mama imekaa katikati ya picha za mwanangu akiwa kwenye baiskeli. Kwenye bahasha babu aliandika vitu kama 'Idd 74' au 'shamba, saa 4', nyingine hamna kitu. Nilijaribu app moja ya simu ikabadilisha tarehe, lakini nikimtumia dada WhatsApp kwake inaonyesha leo. Baba mdogo anasema nikigusa tarehe ni kughushi na picha zinapungua ubora, na humo kuna picha za shamba ambalo lina mgogoro. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa msiba. Kwanza hongera, maana watu wengi boksi kama hilo linakaa juu ya kabati mpaka mchwa wanalimaliza, wewe umeshafika mbali. Swali lako naliona lina mambo manne ndani yake: tarehe inatoka wapi, ukiibadilisha picha inaumia au haiumii, unaandika nini pale ambapo hata wewe hujui, na hilo la baba mdogo la kughushi. Hilo la mwisho nitalirudia chini kwa sababu kwa sehemu ana haki, ila sio kwa sababu anazozifikiria yeye.

Tuanze na tarehe. Faili moja ya picha haina tarehe moja, ina kadhaa, na kila moja inajibu swali tofauti. Kuna ile ya nje ambayo kompyuta inaiweka yenyewe, siku faili ilipohifadhiwa au kubadilishwa mara ya mwisho, hiyo usiitegemee kabisa maana ukishahamisha toka flash kwenda kompyuta na kutoka pale kwenda simu inaweza kubadilika bila wewe kugusa chochote. Halafu kuna zile za ndani, zilizoandikwa kwenye faili lenyewe kwa mpangilio unaoitwa EXIF, na hizo ziko tatu. Moja inaitwa DateTimeOriginal, ni siku mwanga ulipoingia kwenye kamera, yaani siku babu alipobonyeza. Ya pili ni DateTimeDigitized, siku picha ilipogeuzwa kuwa ya kidijitali, yaani Machi 2024 pale Dar. Ya tatu ni ya mabadiliko ya mwisho. Kwa picha ya simu mbili za kwanza ni sekunde ileile ndio maana watu wengi hawajui hata kama ziko mbili, lakini kwa mtu mwenye negativu kati ya ya kwanza na ya pili kuna miaka 50. EXIF ilitengenezwa Japani mwaka 1995 kwa ajili ya kamera za kidijitali, lakini waliacha nafasi kwa ajili ya watu kama wewe, nafasi hiyo ndio tutakayoitumia.

Sasa skana yenyewe haijui lolote kuhusu 1974. Inajua saa ya kompyuta iliyounganishwa nayo, basi. Programu nyingine za skana zinajaza ile ya pili tu, nyingine hazijazi kitu, na simu ikikuta DateTimeOriginal haipo inashika tarehe yoyote iliyo karibu, ndio hiyo Machi 2024 unayoiona. Na kama hao waliokuskania walitumia kamera ya kidijitali badala ya skana (siku hizi wengi wanafanya hivyo, ni haraka zaidi, unaweka negativu juu ya taa unaipiga picha), hapo ni balaa zaidi kidogo, kwa sababu ile kamera inaandika DateTimeOriginal yake, lenzi yake, na kama ni simu inaweza kuandika hata mahali. Yaani picha ya Pangani ya mwaka 1968 ikakuambia imepigwa Kariakoo kwa simu. Cheki hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kucheki kunahitaji programu na mimi nakushauri moja tu, ExifTool. Imeandikwa na Phil Harvey wa Kanada tangu 2003, ni ya bure, inasoma karibu kila aina ya faili ya picha. Haina vitufe vya kupendeza, unaandika komandi kwenye lile dirisha jeusi (Command Prompt), usiogope, ni mistari michache. Ukiishusha kwa Windows faili inakuja na jina exiftool(-k).exe, unaliondoa hilo (-k) libaki exiftool.exe, na ile folda inayokuja nayo iache hapohapo pembeni yake usiitenganishe. Kisha chagua picha moja uandike hivi:

exiftool -a -G1 -s -time:all Idd74_07.jpg

Itakumwagia tarehe zote zilizomo na kila moja iko kwenye kundi gani. Utakapoona jina CreateDate usichanganyikiwe, ExifTool inaita hivyo ile tarehe ya kuskani, DateTimeDigitized. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, mimi nikiwemo.

Nikuambie yaliyonikuta. Kuna mzee mmoja aliniletea slaidi zake, nikaskani vizuri kwa wiki kama mbili, halafu usiku mmoja nimechoka nikaamua kuziwekea mwaka zote. ExifTool ina njia ya mkato inaitwa AllDates, inaandika tarehe zote tatu kwa mpigo, nikaitumia, tena nikaiambia isiniwekee nakala ya zamani kwa sababu diski ilikuwa inajaa. Asubuhi slaidi zote zinasema zilipigwa 1969, ziliskaniwa 1969, zilibadilishwa 1969. Skana ya mwaka 1969! Na kumbukumbu ya lini niliskani zipi kabla ya kurekebisha vumbi na zipi baada, yote imepotea. Picha hazikuumia lakini nilirudia kazi. Kwa hiyo AllDates ni nzuri kwa mtu ambaye saa ya kamera yake ilikuwa mbovu, kwa negativu iache kabisa. Wewe unaandika moja tu:

exiftool -DateTimeOriginal="1974:12:24 12:07:00" Idd74_07.jpg

Ukimaliza utaona pembeni kuna faili jipya lenye jina Idd74_07.jpg_original. Hiyo ndio ile ya zamani, haijaguswa. Iache mpaka umalize kazi yote na uwe na bakapu sehemu mbili, ndipo ufikirie kuifuta. Ukikosea unaandika exiftool -restore_original na jina la faili, inarudi ilivyokuwa. Na kama ulikuta GPS (alama ya mahali) ya Kariakoo, -gps:all= inaiondoa.

Sasa ubora. Hapa baba mdogo amechanganya vitu viwili na simlaumu, karibu kila mtu anachanganya. Fikiria picha ya zamani ya karatasi: babu akiigeuza akaandika nyuma kwa kalamu ya wino, sura ya mtu iliyo mbele haibadiliki. Faili la JPEG liko hivyohivyo, mwanzoni lina vipande vya maelezo, kila kimoja hakizidi kilobaiti 64, kisha inafuata picha yenyewe. ExifTool inaandika upya vile vipande vya mwanzo halafu picha inainakili kama ilivyo, biti kwa biti, haiifungui wala haiikandamizi tena. Kinachopunguza ubora ni kuifungua JPEG kwenye programu ya kuhariri ukaisevu upya, pale inakandamizwa mara ya pili, na app nyingi za simu zinafanya hivyo kimyakimya huku wewe unadhani umebadilisha tarehe tu. Kwa hiyo zile ulizozipitisha kwenye ile app usiziamini, rudi kwenye flash unakili za mwanzo uanze na nakala hizo. Baba mdogo akikataa kuamini, andika exiftool -ImageDataHash na jina la picha kabla ya kubadilisha na baada, itakupa msururu wa herufi na namba uliopigwa kutokana na picha peke yake bila maelezo, mara zote mbili utakuwa uleule. Ukitofautiana hata herufi moja, mimi niko tayari kumwomba radhi.

Tuje kwenye kuandika chenyewe, na hapa ndio penye utamu. Ile 12:07:00 niliyoiweka pale juu sikuibahatisha. EXIF inataka tarehe kamili mpaka sekunde, haikubali "1974 hivi". Kwa hiyo ukiwa hujui saa, weka saa sita mchana, usiweke usiku wa manane. Sababu ni kwamba simu na huduma za mtandaoni zinapenda kuhamisha saa kufuata mahali ulipo, picha iliyoandikwa 00:00:00 Tanga mtu akiifungua London inaweza kurudi nyuma masaa matatu ikaangukia siku ya jana, na kama ni tarehe mosi Januari inaangukia mwaka wa jana kabisa. Saa sita mchana ina nafasi pande zote mbili. Halafu zile dakika 07 ni namba ya fremu kwenye mkanda. Mkanda wa kawaida wa 35mm una picha 36 tu, dakika zinatosha, na picha zikijipanga kwa saa zinajipanga vilevile kama babu alivyozipiga. Namba yenyewe utaiona pembeni mwa negativu karibu na matundu, ndogo, 7, 7A, 8, 8A. Kama walikuskania bila kukupa namba, shika negativu mbele ya dirisha usome mwenyewe.

Na hapohapo pembeni soma maandishi mengine, yanasaidia kujua mwaka. Ukikuta Kodacolor II ujue hiyo picha haiwezi kuwa ya 1968 hata shangazi aape, maana filamu hiyo imetoka 1972. Haikuambii ni ya lini ila inakuambia haiwezi kuwa kabla ya lini, na mara nyingi hilo linatosha kumaliza ubishi wa familia.

Ile "shamba, saa 4" iangalie vizuri. Babu aliandika saa ya Kiswahili, saa 4 asubuhi, na EXIF haijui Kiswahili, inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo hiyo ni 10:00:00. Nimeona mtu kaandika 04:00:00 na picha ina vivuli vifupi vya jua kali, watu wamevaa kofia. Kama bahasha haisemi asubuhi au usiku angalia kivuli.

Sasa "Idd 74". Hii nimeifurahia sana. Ukiona hivyo haraka utasema mwaka tunao, siku tunatafuta kwenye kalenda, tumemaliza. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kwa hiyo sikukuu zinarudi nyuma kila mwaka, na 1974 ilibahatika kuwa na Idd tatu. Idd ya kuchinja ya mwaka 1393 wa Hijria iliangukia mwanzoni kabisa mwa Januari 1974. Idd ya Mfunguo Mosi ikawa katikati ya Oktoba. Na Idd ya Mfunguo Tatu, yaani ya kuchinja tena, ya 1394 ikaja wiki ya Krismasi, kama tarehe 24 Desemba hivi, siku moja mbele au nyuma kutegemea mwezi uliandama lini pale kwenu. Kwa hiyo "Idd 74" ya babu inaweza kuwa siku tatu tofauti zilizoachana karibu mwaka mzima. Utajuaje? Mkague mkanda wote, usikague picha moja. Ukiona mbuzi au ngozi imeanikwa ukutani, Oktoba imetoka. Inabaki Januari au Desemba. Hapo angalia fremu za kabla yake kwenye mkanda huohuo: kama kuna tukio ambalo familia inajua kwa hakika ni la katikati ya 1974 yenyewe, na ndipo ngozi inafuata, basi ni Desemba, maana mkanda hauendi kinyumenyume. Ndio maana ukihifadhi mpangilio wa fremu umehifadhi ushahidi, na ndio maana waliokukatia negativu vipandevipande uwaulize kama walivipa namba.

Nimeandika 24 Desemba pale juu kwa mfano tu. Kama baada ya kukagua bado ni kisio, liandike liitwe kisio, na hapa ndipo inapoingia sehemu ya pili ya metadata (taarifa zinazoandikwa ndani ya faili), yaani maelezo. Mbali na EXIF kuna mipangilio mingine miwili ndani ya faili hiyohiyo, IPTC iliyotoka kwa watu wa magazeti na XMP ya Adobe ya mwaka 2001. XMP ni mwungwana kwa mambo ya kale kwa sababu inakubali tarehe nusu: unaweza kuandika mwaka peke yake, au mwaka na mwezi, kwa komandi kama -XMP-photoshop:DateCreated="1974" na hailalamiki. Tatizo simu nyingi haziisomi hiyo, zinaangalia DateTimeOriginal tu. Kwa hiyo mimi naandika zote mbili, EXIF naipa tarehe kamili ya kukisia ili picha ikae mahali pake, XMP naipa ukweli ninaoujua na si zaidi, halafu kwenye maelezo naandika kwa maneno: "Idd, Tanga, 1974. Siku haijulikani, tarehe ya 24 Desemba ni kisio kwa sababu ya ngozi ya mbuzi fremu ya 7. Bahasha imeandikwa kwa mkono wa babu: Idd 74." Atakayesoma miaka 30 ijayo atajua nini ni cha babu na nini ni chako. Haya maneno ya babu yanukuu kama alivyoandika, usimsahihishe hata kama alikosea.

Kwa picha 600 hutaandika moja moja, utaumwa mgongo. Andika exiftool -csv -DateTimeOriginal -CreateDate folda > orodha.csv, hapo neno folda unaweka jina la folda yako, utapata jedwali la majina ya faili zote. Lifungue Excel, safu ya DateTimeOriginal kama haipo iongeze, ongeza safu nyingine iitwe Description, jaza taratibu jioni jioni ukiwa na chai, kisha unarudisha kwa exiftool -csv=orodha.csv folda. Safu ya kwanza, SourceFile, usiiguse hata herufi. Na safu ya tarehe iweke kwenye fomati ya maandishi kabla hujaandika chochote, Excel ina tabia ya kujifanya inajua tarehe kuliko wewe na itakugeuzia nukta mbili zako kuwa kitu kingine, kisha ExifTool inakataa na wewe unaanza kumlaumu Phil Harvey wa watu. Ukimaliza JPEG fanya vilevile kwa TIFF, usiziache TIFF bila maelezo, hizo ndizo za kukaa.

Za miaka ya 60 usishangae zikileta vituko kwenye baadhi ya programu. Ndani ya EXIF tarehe ni maandishi tu kwa hiyo 1962 inakaa bila shida, lakini kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970 na baadhi ya programu zikikuta namba ya chini ya hapo zinachanganyikiwa, zinaonyesha 1970 au haziipangi kabisa. Faili lako halijaharibika, kosa ni la programu inayosoma. Na ile tarehe ya nje usijaribu kuirudisha 1962 kwenye flash, mfumo wa flash nyingi unaanza kuhesabu 1980, chini ya hapo haujui dunia ilikuwepo.

WhatsApp sasa. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana na kuivua maelezo yote ya ndani, tarehe, maelezo, kila kitu, kisha simu ya dada inaipa tarehe ya leo. Hukukosea wewe. Mtumie kama dokumenti, inafika nzima. Na kama unatumia Google Photos, inasoma DateTimeOriginal vizuri wakati wa kupakia, ila ukibadilisha tarehe ukiwa ndani ya Google Photos mabadiliko yanabaki kwao, faili lako halijaandikwa kitu, siku ukizishusha kwa wingi tarehe uliyorekebisha inakuja kwenye kafaili kadogo pembeni na picha iko vilevile. Kwa hiyo rekebisha kwanza kwenye kompyuta, pakia baadaye. Hao waliokwisha kupakia kabla, ni kufuta na kupakia upya, pole.

Haya, baba mdogo na kughushi. Ukijaza nafasi iliyowekwa kwa ajili ya siku ya kupiga picha, ukaiacha tarehe ya kuskani ilivyo, na ukaandika wazi kwamba kisio ni kisio, hujaghushi, umefanya kile makumbusho na maktaba wanachofanya kila siku. Tena iliyokuwa inadanganya ni ile Machi 2024. Ila picha za shamba ni jambo lingine, hapo namuunga mkono. Kama kuna uwezekano wowote zikafika baraza la ardhi au mahakamani, zile faili za kwenye flash usiziguse, wala usizifungue kwa programu yoyote ya kuhariri. Zinakili kwenye flash nyingine mpya, andika juu yake siku uliyozinakili, ifungie. Zile za familia utafanyia kazi kwenye nakala. Upande wa pili wakionyesha kwamba tarehe imeandikwa na mkono wako mwaka huu, hata kama ni ya kweli, utatumia nusu siku kueleza EXIF kwa watu ambao hawana muda nayo. Chenye uzito pale ni negativu yenyewe na bahasha yenye mwandiko wa babu, pamoja na watu wanaoutambua huo mwandiko. Metadata haithibitishi chochote kwa sababu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiandika, umeshaona mwenyewe ni mstari mmoja tu. Mwone wakili kabla hujampa mtu yeyote picha hizo, mimi ni fundi wa picha, sheria siijui.

Na kuna mahali komandi haisaidii, unahitaji mtu aliyeona kwa macho. Fungua lile boksi unuse. Ukisikia harufu kali ya siki, filamu imeanza kuoza, hiyo haitibiki, inapunguzwa kasi tu, na inaambukiza za jirani. Zitenge zile zenye harufu, zitoe kwenye plastiki, ziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu na pa baridi, mbali na bati la paa. Zilizojikunja kama chipsi au zilizogandana usizivute wala usiloweke maji, wasiliana na watu wa Nyaraka za Taifa uulize nani anaweza kuzikagua. Vilevile kama kwenye flash kuna TIFF zinazogoma kufunguka, acha kuandika kitu chochote kwenye hiyo flash na uwarudie waliokuskania haraka, wengi hawatunzi kazi za wateja muda mrefu.

Kwa kuanza usishike zote 600. Chukua bahasha moja, hiyohiyo ya Idd, fanya picha kumi, zitupie kwenye simu uone zimejipanga wapi, zikikaa sawa ndipo uendelee. Na kabla ya kompyuta, mchukue bibi au yeyote aliyekuwa mkubwa wakati ule, mkae na zile picha, umrekodi kwa simu anavyoongea, usimuulize "hii ni mwaka gani", hakumbuki mtu, muulize nani hapa alikuwa na mimba na mtoto gani alikuwa hajaota meno. Hayo wanayakumbuka. Kisha niandikie uniambie ile ngozi ipo ukutani au haipo, maana na mimi sasa nataka kujua ni Idd ipi.